Majani ya Mkungu Yasichomwe Moto

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, huwa nashuka Raskazone, hapa Tanga, na mfuko wa kaki kuokota majani ya mti wa mkungu. Siku hizi yanapukutika kwa wingi: yanageuka manjano, kisha mekundu ya tofali, ndipo yanaanguka, mapana kuliko kiganja cha mtu mzima.

Wiki iliyopita nilimkuta mama mmoja keshafagia, chungu la majani mbele yake na kiberiti mkononi.

"Shikamoo mama. Naomba nichague machache kabla hujawasha."

"Marahaba. Takataka hizi za nini, baba?"

"Za samaki. Nawafuga nyumbani, kwenye tangi la kioo."

Alikifunga kiberiti kwenye pindo la khanga. "Haya, okota."

Inaniuma kuona majani yale yakiishia moshi kila asubuhi, wakati Ulaya na Marekani wafugaji wa samaki wa mapambo wanayanunua kwenye pakiti. Jani la mkungu likilowa hutoa tanini, kitu kilekile kinachoipa chai rangi na ukakasi. Maji huwa na uasidi kidogo, na baadhi ya bakteria na kuvu hupunguzwa nguvu. Wafugaji wa beta, yule samaki mgomvi wa Thailand, wanayatumia tangu zamani, kwa sababu beta wa porini huishi kwenye maji ya kina kifupi yaliyojaa majani yaliyooza.

Shangazi yangu alipokuja kutoka Muheza aliniuliza kwa nini nimewatia samaki kwenye maji ya mtaro. Nilimwomba ainame anuse. Maji machafu hunuka na huwa na ukungu; haya ni ya kahawia lakini macho yanapenya hadi upande wa pili, kama chai ya rangi kwenye glasi. Nashikilia hapo: rangi peke yake si uchafu.

Kosa nililolifanya mimi lilikuwa haraka. Siku moja chini hapakuwa na majani ya kutosha, nikayachuma mtini yakiwa bado mabichi. Siku ya pili maji yalikuwa meupe kama tui lililozimuliwa, na neon, wale samaki wadogo wa rangi, wote wako juu wanatweta. Jani bichi lina utomvu na sukari. Bakteria huzishambulia na kuimaliza hewa ya majini. Walikufa wanne. Beta alipona kwa sababu yeye huweza kuvuta hewa ya juu. Tangu siku hiyo sigusi jani ambalo mti wenyewe haujaliachia.

Nikifika nyumbani nayasuuza, nayaanika mpaka yavunjike yakikunjwa. Tangi langu la lita 80 linatosha majani mawili. Yanaelea siku mbili tatu, yanazama, yanashika utelezi ambao samaki wachanga wanaudonoa mchana kutwa. Baada ya wiki kadhaa inabaki mishipa tu, kama wavu wa dagaa. Wenye mkaa kwenye filta wautoe, maana unaifyonza tanini yote.

Ila si kila tangi wala kila jani. Samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa wamezoea maji ya magadi, msiwawekee. Mwarobaini, pamoja na sifa zake zote kwa binadamu, usiuingize majini. Na wazee wa pwani walitwanga majani ya utupa, mmea wenye sumu kwa samaki, wakayamwaga kwenye madimbwi maji yakipwa, samaki wakaelea wenyewe. Anayedhani jani ni jani tu akumbuke hilo. Majani ya kando ya gereji nayo nayaruka, yana oili.

Nilimweleza yule mama habari ya oili. Akasema Jumamosi ijayo ataniwekea chungu la upande wa baharini, mbali na barabara, na hatalichoma mpaka nifike.