Mlinzi wa Jamvi Kamaliza Fomu Siksi

Mtihani wa fomu siksi unamalizika Mei. Chuo kinafunguliwa Oktoba, pengine Novemba. Hapo katikati nyumba inafuga kiumbe kisicho na jina: mwanafunzi si mwanafunzi, mfanyakazi si mfanyakazi. Mtume dukani, anasubiri matokeo. Mwambie akachote maji, anasubiri matokeo. Matokeo yenyewe yakitoka Julai, anasubiri udahili. Kitu pekee asichokisubiri ni wali, huo anaufuata jikoni ungali juu ya moto.

Wenzetu wa Unguja wanawasukumia kwenye kozi ya kompyuta, au wanawaacha waende Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa wakapumue. Sisi Pemba kazi ya kumpa hatuitafuti, maana miezi hiyo hiyo ndiyo mikarafuu inabeba. Tena kwa huruma zetu tunampa ile inayoonekana nyepesi: kaa hapa, linda jamvi la kuanikia karafuu. Mtu kapata A ya Kemia, jamvi litamshinda?

Linamshinda.

Juu ya mti hatumpandishi, na tuna sababu. Karafuu inachumwa inapoanza kuona haya, ule ukijani unapogeuka wekundu wa mbali, kabla ua halijafunguka. Yeye anachuma chochote chenye kichwa. Mbichi za kijani zimo, zilizofunguka jana zimo, majani yamo. Na tawi la mkarafuu halina subira: akilivuta kwa kigoe kama anavuta mlango wa daladala, linakuja zima, na karafuu za msimu ujao zinakuja nalo.

Basi ashuke, akae ukumbini na kina mama wachambue. Kazi hii inataka viganja viwili: shada mkono huu, kiganja cha pili unakandamiza na kuzungusha kidogo, karafuu zinaangukia huku, makonyo, vile vijiti vya shada, yanabaki kule. Yeye kiganja cha pili kimeshika simu. Matokeo yake makonyo yamelala ndani ya karafuu kama wageni waliokosa nauli ya kurudi. Si kwamba makonyo ni taka, yana bei yake, na Wawi kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta. Lakini kila kitu kipimwe peke yake, ukichanganya daraja linashuka. Na uchambuzi umalizike usiku ule ule. Zikilala ndani ya polo, zinapata joto, zinavunda, na ukizianika zinatoka nyeupe-nyeupe, zimesinyaa, vichwa hakuna. Mwambie hayo, atakujibu "nitamalizia asubuhi". Asubuhi ya mtoto wa fomu siksi, kwa taarifa yenu, ni saa nane mchana.

Haya, tumefika jamvini. Masharti hata hayajai karatasi: anika umande ukishakauka, tandaza nyembamba, geuza mara kwa mara, kusanya kabla ya magharibi. Jua likiwa zuri, siku nne au tano zimetosha. Yeye anamwaga chungu moja katikati, kama anapakua pilau ya harusi. Za juu zinaungua, za chini zinatoka jasho. Siku ya tatu anakuja mbio: "Baba, karafuu zimeibiwa!" Hazikuibiwa, mwanangu. Kilo tatu mbichi zikikauka ni kilo moja. Yuginoli, ile dawa inayoipa karafuu harufu yake, anaiandika C10H12O2 huku kafumba macho, ila kwamba maji yanaondoka na uzito wake, hilo halikuwemo kwenye mtihani.

Kujua kama zimekauka ndiyo kioja hasa. Chukua moja, ivunje. Ikilia "ta!" na rangi ni kahawia, tia guniani. Ikijikunja, rudisha juani. Sekunde mbili hizo! Yeye anapiga picha, anatuma kwenye grupu la WhatsApp: "Wadau, hizi tayari?" Wadau wenyewe nao wamewekwa walinde majamvi.

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, ndiyo maana kisiwa cha karafuu kikawa hiki. Kimbunga tulikivuka. Chaji ya asilimia mia sijui kama tutaivuka.

Na kinachouma ni kwamba ada yake yenyewe ndiyo iliyotandazwa pale. Mkopo nao unaombwa, lakini cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha skuli kinasema Hamis, kwa hiyo kwanza kuna safari za kuitafuta hiyo K, na kila safari nauli. Hiyo nauli pia iko juu ya jamvi! Karafuu ina mnunuzi mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na mizani yake haijui divisheni wani. Ukienda na mbichi unarudishwa nazo ukaanike tena. Yeye hapo kashachagua begi la chuo, na kompyuta ya kupakata kashaipigia hesabu.

Halafu lile wingu pale upande wa bahari ni jeusi au macho yangu? Jamvi lile halikunjwi na mtu mmoja, ukilivuta upande mmoja karafuu zote mchangani. We Khamis! Hamis! Mwenye K na asiye na K! Mvua!