Tuko pa...?

Kuna mwenzangu mmoja hapa Lamu, mwalimu wa Kiswahili. Shule siitaji na jina lake nalimeza. Hawezi kupita sentensi tatu bila kuuliza, "Tuko pamoja?" Watoto wamembandika jina la Tukopa, na yeye hana habari. Muhula huu zamu ya kukaa darasani kwake kumtazama akifunza, kwa ajili ya TPAD, yaani tathmini ya utendaji wa walimu, ikaniangukia mimi. Gredi ya 6, dakika 35.

Kazi ya kumtazama mwalimu ina ufundi wake. Ukikaa nyuma kabisa, kama wafanyavyo wengi, utaona visogo vya watoto na mgongo wa mwalimu, basi. Kaa mbele, pembeni, karibu na dirisha, upate nyuso. Karatasi igawe visanduku saba vya dakika tano tano, na kila kisanduku kiwe na sehemu tatu: mdomo, mwili, ubao. Zoea likitokea, piga kijiti. Cha tano kikatize vile vinne. Usiandike "anarudia maneno sana," maana ukimwambia hivyo atakubishia mpaka jua litue. Vijiti havina ubishi. Na kwa wabishi sugu, weka simu irekodi.

Mwenzangu akaanza vizuri ajabu. Ngeli ya LI-YA. Dakika tano za kwanza, "tuko pamoja" haikutoka hata moja. Alijua anapimwa, akakaza midomo. Lakini zoea ukilizibia mdomoni hutafuta pa kutokea, na hili likamshukia mikononi. Mkono wa kushoto ukaingia mfukoni kuchezea funguo. Wa kulia ukafuta ubao kwa kiganja, dasta ipo pale pale mezani. Kiganja kikapanda kuweka kofia sawa, kikateremkia puani. Alipofika "jiwe, mawe," pua ilikuwa kama imechovywa kwenye unga wa mahamri.

Hapo nikagundua kwamba watoto wa dirishani hawamtazami mwalimu wala ubao. Wanatazama karatasi yangu. Mmoja, kijana mwembamba mwenye ulimi mwekundu wa mabuyu, alikuwa amefungua daftari ukurasa wa mwisho. Nikachungulia. Vijiti! Vinne, na cha tano kimekatiza. Ila kijana huyu alikuwa na kitu ambacho fomu yangu haina: majina, na kando ya kila jina, idadi ya pakiti za mabuyu.

Mambo yalikuwa hivi. Walioweka "juu" wanalipwa "tuko pamoja" zikifika 15 kabla ya kengele. Walioweka "chini" wanalipwa zisipofika. Yule mwembamba ndiye benki.

Sasa mwalimu kanyamaza, na watu wa juu wameanza kutoka jasho. Na hapa ndipo nilipowavulia kofia wale watoto, kwa sababu walikuwa wanajua jambo ambalo walimu wengi hatulijui: "tuko pamoja?" haiji ovyo. Ina vichokozi vyake. Hutoka mwalimu anapougeukia umma baada ya kuandika ubaoni, anapouliza swali akakutana na kimya, na zaidi ya yote, anapoona sura imekunjamana kwa kutoelewa. Basi watu wa juu wakakunjamana. Safu nzima ya kulia ikabung'aa, midomo wazi. Watu wa chini nao, upande wa kushoto, wakawa wanatikisa vichwa, "Tumeelewa, mwalimu! Tumeelewa sana!" kabla hata hajafundisha kitu.

Maskini mwenzangu akageukia kushoto, akaona wanazuoni. Akageukia kulia, akaona msiba. Ikamponyoka.

"Tuko pamoja?"

"Ndiyoooo!" Safu ya kulia iliitika kwa furaha ambayo sijawahi kuiona katika somo la ngeli.

Ikifunguka moja, zilizobaki zina haraka. Zikaja tano, zikaja nane. Na lile zoea lake la pili likazinduka, la kukata neno katikati ili darasa limalizie. Hili linawadanganya walimu wengi, na mimi nalichukia kuliko yote. Darasa likimalizia silabi moja kwa sauti kubwa, mwalimu anadhani somo limeingia. Kumbe mtoto anaweza kuwa nusu usingizini na bado silabi ikamtoka.

"Jicho, wingi wake ni ma...?"

"Cho!" wakasema nusu ya darasa.

"To!" wakasema wa mtaa wa Mkomani, ambao kwao nyumbani macho ni mato tangu kwa mababu.

Badala ya kumwuliza mmoja atunge sentensi, akarudia jibu yeye mwenyewe, "Macho! Vizuri, macho," ambalo nalo ni zoea: watoto wakishajua mwalimu atarudia kila jibu, hawana sababu ya kumsikiliza mwenzao. Nikapiga kijiti. Benki hakupiga, kwake hiyo haina soko.

Dakika ya 28 hesabu ilikuwa 14. Mwalimu akaandika sentensi, akageuka, akafungua mdomo, na wakati huo huo punda aliyebebeshwa mawe ya matumbawe huko kichochoroni akalia. Midomo tuliiona ikicheza. Sauti hatukuisikia.

"Ameisema!" safu ya kulia.

"Amepiga mwayo!" safu ya kushoto.

Mwalimu akadhani wanabishania ngeli, akafurahi.

Dakika ya mwisho, watu wa juu wamekunjamana mpaka mashavu yanawauma, mwalimu akaweka chaki chini: "Haya, tuko pa...?"

"Moja!" Na kengele ikalia.

Hajapita hata mlango, nikazingirwa. Mimi ndiye niliyekuwa na karatasi rasmi, kwa hiyo mimi ndiye kadhi. Benki akatoa hoja: mwalimu amesema "tuko pa" tu, na "tuko pa" si kitu. Msichana mmoja wa safu ya kulia, ambaye naomba Mungu asomeshwe sheria, akamjibu: "Mbona 'ma' alisema yeye na 'cho' tukasema sisi, na ubaoni likaandikwa neno zima?" Wakadai rekodi ya ile dakika ya 28. Nikaicheza. Mwanzo hadi mwisho wa lile pengo, ni punda.

Kamari shuleni ni marufuku, nikachukua daftari na mabuyu kama ushahidi. Ushahidi ulifikishwa chumba cha walimu mapumziko. Haukuuona mchana.

Mwenzangu nilimwonyesha vijiti faraghani, pua yake ikiwa bado haijafutwa. Akabisha, akasikiliza rekodi, akanyamaza. Nikampa mawili tu, kwa sababu mtu hawezi kuacha mazoea sita kwa siku moja. Kwanza, atupe swali kwa darasa zima, kisha ndipo ataje jina. Ukianza na jina, wengine wote wanapumzika. Pili, baada ya swali asubiri sekunde 3. Mmarekani Mary Budd Rowe alipima jambo hili madarasani miaka ya 1970: walimu kwa kawaida walisubiri sekunde moja hivi, wakaingilia. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wasiojibu kitu wakapungua. Mkono wa funguo nilimwambia aushikishe kitabu.

Akakubali. Kesho yake akawatangazia watoto kwa moyo safi: kuanzia leo nikiuliza nitahesabu tatu kimoyomoyo, mpate kufikiri.

Nilipita dirishani. Akauliza wingi wa "jambia." Kimya. Darasa zima limemkazia macho, midomo inacheza pole pole bila sauti. Moja. Mbili. Benki ana daftari jipya. Tatu, na mikono yote ikaruka juu kwa pamoja.

Akataja jina la msichana yule wa safu ya kulia. Akasimama.

"Mwalimu, swali lilikuwa nini?"