Usianze na Chumba, Anza na Tangi la Maji

Mtu anayetafuta fleti mjini huingia sebuleni, akatazama tailizi, akafungua kabati la jikoni, akasimama dirishani kuona mandhari, na ndani ya dakika kumi ameshaamua. Kwa maoni yangu, chumba ndicho kitu cha mwisho kukaguliwa. Rangi mbaya utapaka upya na kitasa kibovu utabadilisha. Tangi dogo, bomba la maji taka linaloziba kila mwezi, au ngazi moja nyembamba inayotumiwa na watu mia, hivyo hutaweza kuvirekebisha hata ukikaa miaka kumi, maana si vyako peke yako. Unapanga jengo zima, ilhali dalali anakuonyesha vyumba vitatu.

Anza na maji. Muulize mlinzi au msimamizi tangi la juu lina lita ngapi na jengo lina fleti ngapi, kisha piga hesabu palepale. Fleti 20 zenye watu 3 kila moja ni watu 60. Kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku kuoga, kupika, kufua na kuvuta choo, hizo ni lita 6,000. Tangi la lita 10,000 halimalizi siku mbili maji ya mtaani yakikatika. Kama kuna tangi la akiba chini ya ardhi, uliza pia umeme ukikatika pampu inaendeshwa na nini. Tangi lililojaa huko chini halimsaidii mtu wa ghorofa ya sita.

Halafu pima mwenyewe. Nenda na ndoo ya lita 10, fungua bomba la bafuni mpaka mwisho, uhesabu kwa saa ya simu. Ikijaa ndani ya dakika moja, ni vizuri. Ikipita dakika mbili, utapata taabu ya kuoga kila siku. Rudia kipimo hicho huku bomba la jikoni likiwa wazi na mwenzako akivuta choo, kwa sababu ndivyo maji yanavyotumika asubuhi nyumba ikiwa na watu. Na uende saa moja asubuhi au saa moja jioni, jengo zima linapooga. Saa tano mchana karibu kila bomba lina nguvu.

Watu hupenda ghorofa ya juu kwa upepo na utulivu, na huko ndiko presha huwa ndogo kuliko kote. Maji yanayoshuka kwa uzito wake hupata presha ya takriban baa 1 (baa ni kipimo cha presha) kwa kila mita 10 za kimo. Tangi likiwa mita 2 tu juu ya bomba lako la kuogea, unapata baa 0.2, na baadhi ya hita za kupasha maji papo kwa papo haziwaki kabisa kwa presha hiyo. Jirani aliye ghorofa tano chini yako, kila ghorofa ikiwa na mita 3, ana baa 1.7 kutoka tangi hilohilo. Fleti ya juu kabisa isiyo na pampu ya kuongeza presha singemshauri mtu aichukue. Isitoshe, zege la paa hunyonya jua mchana kutwa na kulitoa usiku, wewe ukiwa umelala chini yake.

Mpangaji wa chini naye ana balaa lake. Vyoo na masinki yaliyopangana kutoka juu hadi chini humwaga kwenye bomba moja la wima. Likiziba kule chini, maji taka ya wote hutafuta tundu lililo chini kuliko yote, nalo ni choo chake au kitundu cha sakafu ya bafu lake. Kwa hiyo ukikagua fleti ya chini, piga magoti. Inua kifuniko cha kitundu, tazama kama ukutani kuna mstari wa uchafu karibu na sakafu, gusa sehemu ya chini ya fremu ya mlango wa bafu: mbao zilizovimba na kulainika zimelowa zaidi ya mara moja. Kisha toka nje utafute chemba ya maji taka. Mfuniko ukiwa na mafuta yaliyoganda kwenye kingo, au udongo wa pembeni ukiwa mweusi na wenye majimaji siku isiyo na mvua, chemba hiyo hufurika.

Kwenye fleti ya ghorofa yoyote, vuta choo huku umetega sikio kwenye sinki. Likitoa gulugulu, bomba halipati hewa, aghalabu kwa sababu bomba la kupumulia lililopaswa kutokea juu ya paa limeziba au halikuwekwa kamwe. Maji kidogo yanayobaki kwenye ile kona ya bomba chini ya sinki ndiyo yanayozuia harufu. Yakifyonzwa, hewa ya shimo inaingia jikoni. Wengi hulaumu uchafu wa mpangaji aliyetoka, wakamwaga dawa, na baada ya siku chache harufu inarudi palepale.

Umeme unahitaji vitu viwili tu: birika la umeme na chaja ya simu. Chaja ijaribu kila soketi, hata ile iliyo nyuma ya mlango. Birika la wati 2,000 huvuta takriban ampea 9 kwenye volti 230, mzigo wa kutosha kuonyesha waya dhaifu. Lichemshe taa ikiwa imewashwa. Taa ikififia kidogo mara moja si neno. Ikififia sana au kucheza-cheza, kuna kiungo kilicholegea au waya mwembamba kuliko inavyotakiwa. Maji yakichemka, chomoa plagi uiguse. Ikiwa ya moto, soketi hiyo haishiki sawasawa, na mioto ya usiku huanzia mahali kama hapo. Baada ya hapo zima swichi kuu ya fleti na uende kutazama mita ya umeme. Kitaa chake kinapaswa kuacha kumeta. Kikiendelea, kuna kitu kingine kinachokula umeme wako, iwe taa za korido, pampu ya maji au jirani.

Kuhusu unyevu, ogopa zaidi rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu. Doa la mviringo kwenye dari mara nyingi lina maana bafu la juu linavuja. Unyevu ulioanzia sakafuni na kuishia karibu na kimo cha kiuno unapanda kutoka ardhini. Ukuta wa nje uliolowa kuanzia kona ya dirisha unapitisha mvua. Mwenye nyumba anaweza kuutibu wa dirisha kwa siku moja. Ule wa ardhini atakuahidi tu. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni kawaida. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya mlango, unaoingiza ukingo wa sarafu, ufuate ghorofa ya juu na ya chini kwenye ukuta uleule. Ukiukuta tena huko, jengo linasogea, nawe ondoka.

Ngazi zipande kwa miguu hata kama lifti inafanya kazi. Hesabu njia za kutokea, jaribu kama mlango wa chini unafunguka kutoka ndani bila ufunguo, na hakikisha angalau dirisha moja la chumba cha kulala lina grili inayofunguka. Grili zisizofunguka zimeua watu wengi katika moto, na sioni kodi nafuu yoyote inayoweza kufidia hatari hiyo.

Mtaa uangalie mara tatu: asubuhi ya siku ya kazi kwa saa uliyozoea kutoka, usiku wa mwisho wa wiki saa nne au tano, na mara baada ya mvua kubwa. Mvua isipokuja, tafuta dalili zake: mstari wa tope wa kimo kimoja kwenye kuta za majengo kadhaa, vizingiti vilivyoongezwa matofali, maduka yaliyoweka bidhaa juu ya mbao. Usiku, tembea kutoka kituo cha basi hadi getini na uhesabu taa zinazowaka kweli. Simama pale kitanda kitakapokaa, funga madirisha, nyamaza dakika tano usikilize jenereta, pampu na muziki. Kiwanja kitupu kando ya dirisha lako kichukulie kama jengo ambalo bado halijaanza kujengwa.

Wapangaji wasalimie kwenye ngazi, bila dalali, na maswali yako yawe na tarehe ndani yake. Ukiuliza "Maji yapo?" utajibiwa "Yapo." Uliza: "Mara ya mwisho yalikatika lini, na yalirudi baada ya siku ngapi?" Uliza lifti ilipoharibika mara ya mwisho ilitengenezwa baada ya muda gani, na aliyehama alirudishiwa amana yake yote au kiasi gani. Watu wawili wa ghorofa tofauti wakitoa jibu moja, liamini kuliko tangazo.

Kabla hujalipa chochote, thibitisha kuwa anayepangisha ndiye mwenye nyumba au ana barua ya kumwakilisha, na mkataba utaje nani anatengeneza pampu, mabomba na paa, na ndani ya siku ngapi. Siku ya kukabidhiwa funguo piga picha kila ukuta, kila bomba na namba zilizo kwenye mita ya maji na ya umeme, uzitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zenu wote wawili. Kisha badilisha kitasa cha mlango wa mbele, maana hujui mpangaji aliyetoka alichonga funguo ngapi.