Sikumpika Mtoto

Kwanza kabisa, sikumpika mtoto.

Naanza na hilo kwa sababu tangu juzi usiku kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye magrupu, wa jirani yangu wa chumba cha mbele, binadamu ninayemkopesha chumvi na kiberiti, akisimulia huku anapaliwa na kicheko kwamba jamaa wa chumba cha nyuma kabana matumizi mpaka kamchemsha mwanawe. Mama yangu mzazi kaupokea yuko Singida. Mhasibu wa kazini kaupokea. Jana muuza genge kanifungia nyanya kabana midomo kama mtu anayezuia chafya msibani. Sasa ngoja nisimulie mimi niliyekuwepo, pamoja na ile sehemu ambayo jirani kairuka kwa makusudi.

Mnaonifuata siku zote hali mnaijua. Tangu mtoto azaliwe, cherehani ya mama mtoto imefunikwa shuka, kipato kimebaki kimoja, na hicho kimoja mnakijua. Nikafungua daftari. Kila kinachotoka kinaandikwa: nauli, sukari, vocha, hadi pipi niliyomnunulia mtoto wa jirani ili anyamaze. Umeme ndio ninaoulinda kuliko vyote. Kwenye lile daraja la watumiaji wadogo, uniti 75 za kwanza za mwezi ni za bei ya chini, ukizivuka bei inaruka, na hapo LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, bado inakata shilingi 1,500 kila mwezi za kodi ya jengo, jengo ambalo si langu wala sitalirithi. Mita yetu ni ya wapangaji wawili. Mwenzangu anapiga pasi soksi. Basi mimi naishi gizani ili yeye avae soksi zilizonyooka.

Mchana mapazia yangu yamefungwa, jua la Dar lisiingie, feni isiwashwe. Taa nayo inasubiri mpaka watu waanze kugongana. Hilo la giza lishikeni, lina kazi mbele.

Halafu maharage. Maharage ni chakula rahisi kununua na ghali kuivisha. Ukiyabandika kwenye gesi, ule mtungi mdogo wa kilo 6 unauona unakonda kwa macho. Ukiyabandika kwenye mkaa, unalisha jiko saa mbili, tatu, na bado mengine yanagonga meno. Ndipo nikaanza njia ya blanketi. Mlioniuliza inboksi, hii hapa: unaloweka usiku kucha na magadi kidogo, asubuhi unayachemsha kwa nguvu robo saa nzima (hapo usipunje, maharage mabichi yana sumu ambayo uvuguvugu hauiwezi, utashinda chooni), kisha unaepua sufuria likiwa bado linatokota, unalifunga blanketi, unaliacha saa saba, nane. Linajipika lenyewe. Si uchawi. Waingereza wakati wa vita walikuwa na sanduku lililojazwa majani makavu kwa kazi hiyo hiyo, na huku kwetu wapo wanaotumia kikapu kilichoshindiliwa matambara. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mimi nilishafika zamani, napikia blanketi.

Siku ya tukio mablanketi makubwa yalikuwa kwenye kamba, mabichi. Nikachukua la mtoto, lile la manyoya lenye picha za vidubu, ambalo kwa kutunza joto halina mpinzani. Mwenyewe hakuwa na shida nalo, mama yake alikuwa anamtayarisha kwenda kliniki kupimwa uzito, kamzungushia shali. Tatizo likawa kifuniko. Kile kishikio cha juu kiling'oka siku nyingi, kimeacha tundu, na mvuke unapita hapo hapo. Kila chembe ya mvuke ni hela. Nikatafuta cha kuzibia, nikaona kofia ya mtoto, ya sufu, nyeupe, ina kishada. Ikakaa vizuri ajabu. Nikafunga blanketi, kofia ikachungulia kwa juu, nikalilaza pembeni ya kochi, mto huku na mto huku lisipinduke, nikatandaza kanga.

Ndiyo, na mimi sasa hivi naiona hiyo picha mnayoiona. Saa kumi na mbili asubuhi niliona akiba tu.

Mama mtoto akaondoka na mtoto. Mchana nikaingia jikoni kukaanga vitunguu vya kuungia. Hodi! Nafungua mlango, Shangazi. Shangazi yake mama mtoto, kutoka Muheza, kapanda basi la alfajiri bila kumwambia mtu kwa sababu simu yake haina chaji, kaja kumwona mjukuu. Kiroba cha machungwa begani kwa bodaboda. Shikamoo, marahaba, pole na safari, karibu ndani. Jua la nje lilikuwa kali, humu ndani giza langu la kubana matumizi. Shangazi akapapasa mpaka akalipata kochi. Mimi nikakimbilia vitunguu visiungue.

Mazungumzo yote yanayofuata yalipita kwenye pazia la jikoni, mafuta yakilia kwenye kikaango. Naomba mlizingatie hilo kabla hamjanihukumu.

"Mama mtoto yuko wapi?"

"Katoka mara moja, Shangazi, anarudi sasa hivi."

Kimya kidogo. Kisha sauti ikalainika: "Aaa! Na hiki kifurushi ndicho chenyewe?"

Mama mtoto hana siri na kwao. Nikajua keshawasimulia kuhusu maharage yangu. Kifua kikanijaa. "Ndicho hicho, Shangazi!"

"Mashallah. Kilo ngapi?"

"Moja na nusu."

"Moja na nusu tu?"

"Ndio uwezo wetu kwa sasa."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Masikini ya Mungu. Na hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa kumi na mbili."

"Bila kufunuliwa?"

"Ukifunua tu, kazi yote imeharibika. Mpaka saa nane."

"Na kunyonya je?"

Nikafurahi kweli. Nikasema huyu mama anayajua mapishi, ameuliza swali la kitaalamu. "Kulikuwa jana usiku, Shangazi. Niliweka maji, mpaka alfajiri hayakubaki."

"MAJI?"

"Ya bomba. Na magadi."

"Magadi!"

"Kidogo tu, ya kulainishia."

Hapo akanyamaza. Mimi nikageuza vitunguu. Nakumbuka hata nilipiga mluzi.

Kilichonishtua ni dua. Sebuleni kulikuwa na mtu anasoma dua kwa sauti ya chini, anasoma, anapuliza, anasoma, anapuliza. Nikajiambia watu wa Tanga wana heshima sana na chakula. Mluzi ukaendelea. Halafu dua ikakatika katikati.

"Huyu mtoto anaungua moto!"

Ndugu zangu, kuna kitu kinatokea kwenye ubongo. Neno "mtoto" lilifika, likasimama mlangoni, halikukaribishwa ndani. Nikawaza: mtoto gani? Mtoto yuko kliniki. Nikapunguza gesi (uniti ni uniti, gesi ni gesi), nikafunua pazia.

Shangazi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi. Mkono mmoja ulikuwa juu ya kishada cha kofia, mwingine ameusokomeza ndani ya blanketi, na uso wake sitausahau. Karibu na kidubu cha kwanza nikaona ncha ya noti ya elfu kumi, hela ya sabuni ya mtoto, keshaichomeka. Machozi yanamlengalenga. "Anatokota, mkwe wangu! Mmemfunika kwenye joto hili, mmempa magadi, na hata halii! Kakakamaa!"

Nikafungua mdomo. Sentensi niliyokuwa nayo ilikuwa fupi na nzuri: hayo ni maharage. Haikutoka. Kilichotoka, na jirani hapa hakudanganya, ni hiki: "Shangazi, usiinamishe, itamwagika!"

Akaninyanyulia macho. Kanitazama namna ambayo hata mahakamani hawamtazami mtu. Kisha akafanya alichofanya kila mama aliyewahi kulea: akakinyakua kifurushi, akakipakata kifuani.

Kilo moja na nusu ya maharage yaliyonyonya maji usiku kucha, na mchuzi wake, na sufuria zito la kurithi. Uzito ulimshusha chini nusu, macho yakamtoka, akasema "Ha!", lakini hakuachia. Mungu amlipe. Akanyanyuka nacho, akakilaza begani kama wanavyobeulishwa watoto, akaanza kukipigapiga mgongoni. Kikalia ngo, ngo, ngo.

Na kofia ikaachia tundu.

Niliuona mchuzi unaanza. Taratibu. Kwanza doa dogo la kahawia pembeni ya kofia. Doa likapanuka. Likawa tone, tone likaning'inia kwenye kishada, likaanguka juu ya mtandio wa Shangazi, mzito, wa moto wa wastani. Akanusa. Akashika kwa vidole. Likafuata la pili, kisha yote kwa pamoja, yakashuka begani, mkononi, mpaka sakafuni.

"ANAHARISHA! Jamani majirani, mtoto anaungua, mtoto anaharisha!"

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ujumbe wa sauti wa jirani unapokatika na kurukia kwenye kicheko. Bwana yule alikuwa uani. Alichosikia ni "anaungua". Akadhani nyumba inawaka. Akanyakua ndoo ya kwanza iliyokuwa karibu na bomba, akaja mbio, akasukuma mlango, na kwa vile ndani giza na vitunguu vyangu vilishaanza kutoa moshi, hakuuliza mtu. Alimwaga. Ndoo nzima. Juu ya Shangazi, juu yangu, juu ya maharage.

Ilikuwa ndoo ya nepi zilizolowekwa.

Moja ilitua kwenye feni iliyozimwa. Moja ilinipata shingoni. Shangazi wa watu, aliyekuja kwa mema kutoka Muheza, alisimama na povu la sabuni kichwani, nepi begani upande mmoja, sufuria begani upande wa pili. Hakuna aliyesema neno. Kisha blanketi likalegea, kifuniko kikaserereka, kikagonga sakafu, kikazunguka, kikazunguka, kikatulia. Shangazi akainamisha kichwa, akatazama ndani. Jirani naye akachungulia. Yalikuwa yameiva. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu: yaliiva, laini, hata moja halikupasuka.

"Maharage," akasema Shangazi.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mtoto?"

"Kliniki, Shangazi."

Yaliyofuata nayapitia haraka. Mama mtoto alirudi akatukuta tunadeki, akanitazama, akamtazama shangazi yake, akaingia chumbani na mtoto akafunga mlango, na mpaka leo sijui mle ndani alikuwa analia au anacheka. Mtoto yuko salama, ameongezeka uzito, hahusiki na lolote. Foronya za kochi zimekwenda kwa dobi, gharama yake ni zaidi ya mkaa wa maharage wa mwezi mzima, nimeiandika kwenye daftari kwa mwandiko mdogo. Noti ya elfu kumi ilipatikana chini ya sufuria, nikaianika. Nilipotaka kuiingiza kwenye mapato, Shangazi akasema aliitoa kwa mtoto, sio kwa maharage, na kwa kuwa mtoto hakuwepo zawadi haikufika. Mama mtoto akamuunga mkono. Kwa hiyo imerudishwa kwake, akampa mtoto upya, mbele yangu, na mtoto akaikabidhi kwa mama yake.

Maharage tulitaka kuyamwaga. Shangazi akakataa, akayaosha yale ambayo sabuni haikuyafikia, akaunga kwa nazi. Jirani alikula sahani mbili.

Shangazi anakaa mpaka arobaini. Ameshafungua mapazia yote, anapika kwa mkaa wangu, na taa ya sebuleni inawaka saa kumi jioni, anasema anataka kuona anachokishika. Uniti zinashuka nikiwa nazitazama.

Na wewe uliyetengeneza ile stika ya sufuria lililovaa kofia yenye kishada, nimeiona, nakujua, na una deni langu la elfu tatu tangu mwezi uliopita. Ifute.