Zenitsu Agatsuma: woga wake na hukumu ya watazamaji

Kati ya wahusika wote wanaomzunguka Tanjiro Kamado katika Kimetsu no Yaiba, hadithi ya Kijapani ya wawindaji wa mazimwi iliyoanza kama manga (vibonzo) na kugeuzwa kuwa katuni za televisheni na filamu, hakuna anayewagawa watazamaji kama Zenitsu Agatsuma. Kyojuro Rengoku hana wa kumsema vibaya. Alikufa akilinda abiria wa treni nzima, na waliokuwa wakimwona kwa mara ya kwanza katika filamu ile ya mwaka 2020 walitoka wakimlilia kama ndugu. Inosuke Hashibira, mwenye kujivika kichwa cha nguruwe mwitu, husamehewa utovu wake wote wa adabu kwa kuwa alilelewa na nguruwe mlimani. Zenitsu hasamehewi. Wapo ambao tangu msimu wa kwanza wa mwaka 2019 hurusha mbele kila anapofungua kinywa, na wapo wanaomweka juu ya wote, kiasi kwamba wasomaji wa Kijapani walipopiga kura ya pili ya wahusika wapendwao, mwaka 2020, yeye ndiye aliyeongoza, akimwacha nyuma hata Tanjiro mwenye hadithi yake. Mgawanyiko huo unastahili kuchambuliwa, na haiwezekani kuuchambua bila kuufikia mwisho wa hadithi. Ambaye hajaufikia na hapendi kuharibiwa uhondo aahirishe kusoma.

Wanaomkataa wana hoja, tena si hafifu. Mara tu anapoingia rasmi katika masimulizi tunamkuta katikati ya njia amemng'ang'ania binti asiyemjua, akimsihi kwa machozi akubali kuolewa naye, hadi Tanjiro anapomvuta kwa nguvu. Baadaye anamwona Nezuko, dada yake Tanjiro aliyegeuzwa zimwi, na kuanzia hapo anamfuata kila aendako. Haya yote yamewekwa ili tucheke, na si kila mtu anaona cha kuchekesha katika msichana anayesumbuliwa. Hoja ya pili inahusu kelele zake. Katika manga ya Koyoharu Gotouge, mayowe ya Zenitsu ni maneno makubwa yaliyojaza kisanduku kimoja; jicho linayapita upesi na kuendelea. Studio ya Ufotable ilipoyapa sauti kupitia mwigizaji Hiro Shimono, mayowe yaleyale yakawa hayapitiki: lazima uyasikie mpaka yaishe, na mara nyingi yanafuatiwa na mengine. Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Ushujaa wa Zenitsu, wanasema, hutokea akiwa amezimia. Akiwa macho anatetemeka, na hofu ikimzidi anapoteza fahamu, kisha mtu mwingine kabisa, mtulivu na mwenye kauli fupi, anachomoa upanga na kukata kichwa cha zimwi. Ikiwa ni hivyo, anayestahili sifa ni nani? Mhusika asiyekumbuka alilolifanya hawezi kujifunza kutokana nalo, na asiyejifunza ni yule ambaye walimu wa fasihi humwita mhusika bapa, anayetoka sehemu moja hadi nyingine akiwa vilevile.

Hoja hii ya usingizi ndiyo inayorudiwa zaidi, na naamini ndiyo iliyowapoteza wengi. Inatokana na kulitazama pigo la upanga tu, kana kwamba ndiko tabia ya mpiganaji inakokaa. Lakini yale ambayo Zenitsu anayaamua, yaani kusimama wapi, kumlinda nani, kumwamini nani, karibu yote anayaamua akiwa macho, akilia, na akijua vyema kwamba huenda akafa. Usingizi huja baada ya uamuzi, na mara nyingine hauji kabisa.

Tuchukue tukio la nyumba ya zimwi mpiga ngoma. Zenitsu yuko nje, amejeruhiwa kichwa kwa kumkinga mtoto waliyerushwa naye kutoka juu, na mbele yake kuna sanduku la mbao ambalo Tanjiro alikuwa akilibeba mgongoni, Nezuko akiwa ndani. Inosuke anatokea, anahisi uwepo wa zimwi ndani yake, na anataka kulichoma kwa panga zake mbili zenye makali yaliyomegukameguka. Zenitsu analikumbatia lile sanduku. Anapigwa mateke, anapigwa usoni, damu inamtoka puani na kinywani, na haachii. Tanjiro anapotoka nje anamkuta amevimba uso mzima, bado amelizunguka kwa mikono yote miwili. Katika tukio zima hakuna radi, wala usingizi, na hauchomoi upanga wake hata kidogo.

Kinacholifanya tukio hili kuwa zito ni kwamba Zenitsu alikuwa akijua. Masikio yake husikia tofauti kati ya sauti ya binadamu na sauti ya zimwi, kwa hiyo tangu alipokutana na Tanjiro njiani alitambua kuwa ndani ya lile sanduku mna zimwi. Hakuuliza. Alikuwa amesikia pia sauti inayotoka ndani ya Tanjiro mwenyewe, sauti ya upole ambao hajawahi kuusikia kwa mtu, na Tanjiro alikuwa amemwambia kwamba kilichomo ni cha thamani kuliko maisha yake. Basi akaamua kumwamini na kusubiri maelezo yatakapokuja. Ikumbukwe huyu ni yatima aliyetupwa, ambaye anasema mwenyewe kwamba ametapeliwa mara nyingi kwa kuamini watu. Mwanamke mmoja alimwachia madeni ambayo mzee Jigoro Kuwajima, Nguzo wa Radi wa zamani, yaani mmoja wa wawindaji wa cheo cha juu kabisa, ndiye aliyeyalipa na kisha kumchukua kuwa mwanafunzi. Mwenye uzoefu wa namna hiyo, tena mwenye masikio yanayoweza kumfichulia uongo wa watu, angekuwa na kila sababu ya kutomwamini yeyote. Anachagua kuamini. Mwandishi aliyempa mhusika uamuzi huo ndani ya masaa machache tu ya kumtambulisha hakuwa akimtayarisha kuwa mchekeshaji wa kupumzishia watazamaji.

Twende sasa kwenye hesabu ambayo kwangu ndiyo ufunguo wake. Pumzi ya Radi, mtindo wa upanga aliofundishwa Zenitsu, ina mapigo sita. Zenitsu aliweza moja tu, lile la kwanza: anapiga magoti nusu, mkono kwenye mpini, anavuta pumzi hadi meno yanatoa mvuke, kisha anaruka mbele kwa kasi ambayo mngurumo wake husikika kichwa cha adui kikiwa tayari kimeanguka. Mwanafunzi mwenzake aliyemtangulia, Kaigaku, aliweza matano yote yaliyobaki na kulishindwa hilo la kwanza. Kwa hesabu ya kawaida Kaigaku ni bora mara tano, na yeye mwenyewe aliamini hivyo. Alimchukia Zenitsu, alimtupia tunda la pichi usoni na kumtaka aondoke asimpotezee mwalimu muda. Lakini tazama jinsi hesabu ilivyopangwa. Pigo la kwanza ndilo msingi ambao mengine husimama juu yake, na mmoja anao msingi bila ghorofa, mwingine anazo ghorofa bila msingi. Mzee Jigoro aliliona hilo, ndiyo maana alitaka wote wawili kwa pamoja wawe warithi wake badala ya kumchagua mmoja. Zenitsu alilikubali, Kaigaku akalichukulia kuwa tusi.

Mlimani Natagumo hesabu hiyo inaonyeshwa kwa vitendo. Zimwi mwenye umbo la buibui na kichwa cha mtu, ambaye sumu yake huwageuza watu kuwa buibui, anamtazama Zenitsu akirudi mara kwa mara kwenye mkao uleule, na anamdhihaki kuwa kumbe anajua pigo moja tu. Ni kweli, na ndipo tunaposikia mafundisho ya mzee: asiyeweza ila jambo moja na alifikishe kikomo chake, kama mhunzi anavyougonga upanga tena na tena hadi kila kisichofaa kimetoka. Kisha Zenitsu, sumu ikiwa mwilini, analipiga pigo lile moja mara sita mfululizo. Mapigo sita ya Pumzi ya Radi, ambayo matano alishindwa kuyajifunza, anayajibu kwa moja lililorudiwa mara sita. Sidhani Gotouge alifikia idadi hiyo kwa bahati. Kaigaku naye, anapokuwa zimwi, anapewa cheo cha Mwezi wa Juu wa Sita, yaani wa sita kati ya mazimwi wakuu.

Nitakiri kwamba Natagumo penyewe pana doa katika utetezi huu. Zenitsu aliachwa chini ya mlima akilia, na kilichomfanya aingie ni kukumbuka kuwa Nezuko amechukuliwa huko. Hadithi inatufanya tucheke hata pale ambapo angeweza kupewa sababu ya heshima zaidi. Wanaosema kwamba mwandishi alimdhulumu mhusika wake kwa kupenda mzaha kupita kiasi wanaweza kuanzia hapo. Hata hivyo, kabla ya kuzimia juu ya mti, Zenitsu yuko macho, na anasema jambo ambalo hupotea katikati ya kelele: kwamba anajichukia kuliko mtu yeyote anavyoweza kumchukia, kwamba kila siku hujiambia lazima abadilike. Mhusika bapa hana habari na ubapa wake. Huyu anaujua na unamtesa.

Katika masimulizi ya mtaa wa starehe, ambako wanaume hawa wamevalishwa kike ili waingie katika nyumba za makahaba kama wapelelezi, Zenitsu anamkuta msichana mdogo akilia katika chumba kilichovurugwa. Mwenye kuogopwa ndani ya nyumba ile, Daki, anatokea nyuma yake, na sauti anayoisikia inamwambia kwamba ni zimwi, tena si zimwi wa kawaida. Yule mwanamke anamshika msichana sikio na kuanza kulivuta. Zenitsu yuko macho, hana upanga, na anajua aliye mbele yake. Anaushika mkono wa zimwi na kumwambia amwachie mtoto. Anapigwa hadi anazirai. Baadaye, usingizini, atakaporudi kupambana na Daki huyohuyo, jambo la kwanza atakalomdai ni kwamba amwombe radhi yule msichana kwa sikio lake. Hapa nadhani hoja ya watu wawili tofauti, mmoja wa mchana na mwingine wa usingizini, inavunjika yenyewe: aliyelala anaendeleza neno la aliyekuwa macho. Ni nafsi moja iliyoondolewa kitetemeshi.

Pambano la mwisho na Kaigaku, ambalo filamu ya Ngome Isiyo na Mwisho ya mwaka 2025 imelileta kwenye skrini, ndilo lililopaswa kuumaliza ubishi. Kaigaku, mwenye mapigo matano, alipokutana na Kokushibo, zimwi mkuu kuliko wote chini ya Muzan, bwana wa mazimwi, alipiga magoti na kuomba maisha. Alikubali kuwa zimwi ili asife. Kwa aibu hiyo mzee Jigoro akajipasua tumbo, bila mtu wa kumkata shingo kumfupishia maumivu. Zenitsu anakuja kwa yule aliyewahi kumtetea hata kwa ngumi, maana alishawahi kumpiga mkubwa wake kikosini kwa kumsema Kaigaku vibaya nyuma ya mgongo. Safari hii halii, hapigi kelele, na halali. Anamwua kwa pigo la saba ambalo amelibuni mwenyewe, na anamwambia kwamba alitamani siku moja walitumie wakipigana bega kwa bega.

Ukimweka Zenitsu karibu na Kaigaku, lawama ya woga inabadilika sura. Wote wawili waliogopa kufa. Mmoja hakuwahi kuonyesha, akadharau waliokuwa wakionyesha, na siku hofu ilipomfikia kweli hakuwa na mazoea yoyote ya kuibeba, akauza kila kitu. Mwingine aliionyesha mpaka ikawa kero kwa walio karibu naye na kwa watazamaji wa nchi za mbali, lakini aliibeba kila siku, akaingia nayo kila mahali alikotumwa. Mayowe yale tunayoyarusha mbele ndiyo yanayotuwezesha kupima umbali kati ya anachotamani kufanya, yaani kukimbia, na anachofanya hatimaye. Ukiyafuta, unabaki na kijana mwepesi wa upanga kama wengine kumi katika kikosi kile.

Linabaki suala la Nezuko, na hapa upande wa pili una haki kubwa kuliko watetezi wa Zenitsu wanavyopenda kukubali. Sura ya 205, ya mwisho, inaruka hadi zama zetu na kutuonyesha vizazi vya wahusika, na miongoni mwao wamo vitukuu vya Zenitsu na Nezuko. Kwa maneno mengine, yule aliyesumbuliwa alikuja kuolewa na aliyemsumbua. Huenda mapenzi hayo yalikomaa kwa namna nzuri. Nezuko alipopata tena ubinadamu wake alikuwa na akili zake na kauli yake, na Zenitsu wa baada ya Kaigaku si yule aliyemng'ang'ania binti njiani. Lakini hatukuonyeshwa. Hadithi iliyotumia kurasa nyingi kutueleza namna pigo moja linavyonolewa haikumpa Nezuko hata mazungumzo moja ya kueleza kwa nini alimkubali, na nafasi ilikuwepo, kwa kuwa sura ya 204, baada ya kifo cha Muzan, ilikwenda kwenye kuagana na kutembelea makaburi. Kasoro hiyo ni ya mwandishi, na ilimnyima Nezuko haki yake zaidi ya ilivyomharibia Zenitsu sifa.