Ifunike kwa Leso Kwanza

"Wewe masikio huna." Nimeambiwa hivyo na binamu yangu, mbele ya wanangu, nimekaa kwenye kochi lake kule Nyali, Mombasa, na sahani ya viazi karai mapajani. Kosa langu lilikuwa moja: aliniuliza nimeionaje sauti ya mashine yake mpya ya CD, nikamjibu kuwa ni sauti ya CD.

Mashine yenyewe usiifanyie mzaha. Ina uzito wa kilo 18, droo yake inatoka polepole kama bibi harusi, na kwa bei yake ungepata Probox iliyotumika ukabakiwa na hela za bima. Binamu alitia diski ya Zein l'Abdin, yule gwiji wa kupiga udi na kuimba taarabu, akafumba macho, akaanza: eti udi una hewa, eti nyuma ya mwimbaji kuna "ukimya mweusi". Ukimya! Pangaboi linazunguka juu ya vichwa vyetu, jenereta ya jirani inanguruma, na kunguru wa Nyali mnawajua. Yakhe, ukimya gani huo?

Niliondoka nimenuna. Nikavuka daraja ndani ya tuktuk nikibishana naye peke yangu, hata dereva akawa ananitupia jicho kwenye kioo.

Hoja yangu ni hii, na siiachi: sauti ya mashine haihukumiwi na mtu anayeijua bei yake. Ukishaambiwa pilau hii kapika fulani, yule wa harusi za matajiri, ulimi unajitilia bizari wenyewe. Masikio ndivyo yalivyo. Tena yana udhaifu wa pili, ambao wauzaji wanaujua vizuri sana: kitu kikilia kwa nguvu kidogo zaidi, hatusemi sauti imepanda. Tunasema kina uhai, kina uwazi, besi yake imeshiba. Nusu desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti, yatosha kukupoteza. Kwa kawaida mashine za CD hutoa voliti 2 hivi, na za bei kubwa nyingine hutoa zaidi. Kwa hivyo muuzaji hana hata haja ya kusema uongo. Achomeke waya tu, akae, akunywishe kahawa.

Na usiniambie unakumbuka jinsi mashine yako ya zamani ilivyokuwa ikilia mwaka jana. Kumbukumbu ya sauti, kwa vitu vidogo vidogo namna hii, haidumu hata dakika. Unachokumbuka ni ulivyojisikia.

Jumapili iliyofuata nilirudi Nyali na mkoba. Ndani mlikuwa na deki yangu ya DVD, ya shilingi 3,500, niliyoinunua Mwembe Tayari zamani hizo. Mita ya kupimia umeme. Nakala ya ile diski ya Zein. Na leso mbili za mke wangu, kanga zile zenye maneno. Njiani nilimpitia Kibokoni mzee mmoja tunayemheshimu sote, aliyepiga fidla kwenye taarabu tangu sisi hatujaota meno. Nilimwambia tunakwenda kusikiliza muziki. Sikumwambia kuna vita.

Tulianza na mita. Mlio mmoja wa majaribio, mashine zote mbili. Yake ilitoa voliti 2.3, yangu 1.9. Hiyo ni tofauti ya karibu desibeli 1.7, na hapo ndipo ilipokuwa imejificha sehemu kubwa ya "hewa" ya wiki iliyopita. Fundi wangu alikuwa ameniunganishia vidude viwili vya kupunguzia sauti, vimetolewa kwenye redio mbovu. Binamu akaruka: vidude hivyo vitachafua sauti! Nikamwambia haya, kimoja kwako, kimoja kwangu, tuchafuke sote. Tukazungusha mpaka mita ikasoma sawa. Akaja na la nakala: eti diski ya kunakili haina roho. Bin-ami, ni namba zilezile. Lakini nilikubali tubadilishane diski tukifika nusu, maana sikutaka kuachiwa mlango wa kutokea hata mmoja.

Kisha nikafunika mashine zote kwa leso. Sikuwa nimesoma jina la leso kabla sijaitoa kabatini, wallahi: "Mwenye macho haambiwi tazama." Kila mtu alicheka isipokuwa mwenye nyumba.

Mwanangu mkubwa alikaa nyuma ya pazia na sarafu. Anairusha, sarafu inaamua ipi ilie, naye hatoi neno, kwa kuwa hata kikohozi chatoboa siri. Raundi 20. Mtu akibahatisha tu atapata kama 10, kwa hivyo tulikubaliana kabla: binamu akipata 15, namwomba radhi mbele ya ukoo mzima na masikio yangu nayatangaza kuwa ya bandia.

Alipata 11.

Raundi tano za mwanzo alikuwa mwepesi, anajibu hata kabla Zein hajafungua kinywa. Kufika ya kumi, jasho. Ya kumi na tatu akaomba irudiwe mara nne. Baadaye likaja shtaka kwamba joto limemharibia, kisha kwamba stima ilikuwa inacheza, kisha, na hili sitalisahau, kwamba viazi vya siku hiyo vilikuwa na pilipili nyingi na pilipili huziba masikio.

Wala hakuna uchawi hapa. Philips na Sony walipoipatanisha CD na kuanza kuiuza 1982, waliweka sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara hizo zote, na biti 16, tarakimu za 0 na 1, kwa kila sampuli. Hiyo inachukua kila kitu mpaka juu ya kilohezi 20, sauti nyembamba kabisa, mahali ambapo hata sikio la kijana linagota. Binamu ana miaka 54. Kwake kilohezi 15 ni hadithi ya kusimuliwa na wajukuu. Diski ikikwaruzwa milimita mbili hivi, mashine inajijazia namba zilizopotea kwa hesabu, bila kukisia. Kweli, zamani kazi hii ilikuwa ngumu. Mashine za mwanzo za Philips zilikuwa na chipu za biti 14 na wahandisi wakalazimika kutumia ujanja ili zifikie 16. Siku hizo mtu angeweza kubishana nami nikanyamaza. Leo chipu inayoifanya kazi hiyo vizuri haifiki bei ya mahamri na mbaazi ya watu wawili.

Sawa, na ya kwake niseme. Ukibandika sikio kwenye spika wimbo ukiwa umesimama, deki yangu ina mvumo, yake haina. Droo yangu hulia kama sufuria iliyoanguka. Na ile mashine ni nzuri kuitazama, sikatai. Mtu hununua saa ya dhahabu na simu inamwonyesha saa ileile. Sema basi umenunua pambo. Nitakupongeza na kashata nitaleta.

Nyaya za bei ya mbuzi sizizungumzii hapa, nina shinikizo la damu.

Kinachoniuma zaidi ni chumba. Sebule ya Nyali ni vigae chini, vioo ukuta mzima, dari juu mbali huko. Piga kofi moja, linakurudia kama uko kisimani. Sauti inatoka kwenye spika, inagonga kioo, inagonga sakafu, inakufikia mara ya pili na ya tatu, imeshavurugana na dada yake. Nyumba ya marehemu bibi yetu Mji wa Kale ilikuwa na kuta nene za mawe ya matumbawe, boriti juu, mikeka, mapazia, mito ya sufi kila pembe na watoto kumi na mmoja wamelala juu yake. Redio ya bibi, ya spika moja, ilikuwa ikitamka maneno yote. Robo ya pesa za ile mashine ingemnunulia binamu mazulia, mapazia mazito na spika bora, na hapo hata mimi nisiye na masikio ningesikia tofauti nimefunikwa leso mwenyewe. Nimemwambia. Kasema mkewe hataki vumbi.

Katikati ya makelele haya yule mzee akatoa diski mfukoni. Ni harusi moja ya zamani, kikundi chao, imetolewa kwenye kaseti iliyotolewa kwenye kaseti nyingine. Tukaitia. Tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonye, inakwaruza, mwimbaji yuko mbali, vigelegele viko karibu kuliko ngoma. Binamu alikunja uso. Mzee akainua kidole.

"Hapo. Uzi umenikatikia hapo. Nimeumaliza wimbo na nyuzi tatu."

Tukarudisha. Tukarudisha tena. Mara ya tatu ndipo nikaisikia fidla ikishuka, ikitafuta njia, ikapanda kwingine. Binamu naye aliisikia, nilimwona. Mzee aliomba tumwachie wimbo uishe, akamaliza kahawa yake, akataka kupelekwa nyumbani kabla ya magharibi.

Usiku wa jana nimepata ujumbe wa binamu. Ameagiza waya mpya wa umeme kutoka ng'ambo, ukifika tutarudiana, raundi 40. Na nije na leso nyingine, hiyo ina maneno.