Sikio kabla ya herufi: watoto wa Uganda na sauti za Kiswahili

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi, kama Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyoazimia, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tangu hapo tumebishana sana juu ya walimu na vitabu: watatoka wapi, vitalipiwa na nani. Ni maswali ya haki. Swali lisilosikika sana ni la darasani kabisa: mtoto aanze na sauti, au aanze na maneno?

Wanaotetea sauti wana hoja nzito. Kiswahili kina irabu tano, kila moja na herufi yake, wala haigeuki kutoka neno hadi neno. Mtoto aliyezishika sauti na kujua kuziunganisha husoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza hakitoi nafasi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha watoto wa nchi nyingi za Ulaya, ulikuta kwamba wanaosoma lugha zenye tahajia nyoofu, yaani zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, kama Kifini, walisoma sawasawa zaidi ya maneno 9 katika kila 10 mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Watoto waliosomeshwa kwa Kiingereza huko Scotland walipata kama theluthi moja tu. Kwa tahajia yake, Kiswahili kinasimama upande wa Kifini. Kumkaririsha mtoto maneno mazimamazima ni kumnyima faida ambayo lugha yenyewe inampa bure.

Hapa Uganda jambo hili lina sura ya kushangaza kidogo. Mtaala wa mwaka 2007 uliagiza darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo. Mtoto wa kijijini Masaka aliyeanza kusoma kwa Kiganda anajua kwamba "i" ni "i" na "e" ni "e". Akifunguliwa kitabu cha Kiswahili, irabu zinamjia kama ndugu. Mwenzake wa Kampala, aliyeanzia chekechea kwa Kiingereza na kuimba majina ya herufi, "ei, bi, si", anafika akiwa na mzigo. Mpe neno "mimi" atalisoma "maimai". Mpe "meli" atasema "mili". Hana upungufu wa akili hata kidogo. Alifundishwa majina ya herufi mahali pa sauti, tena majina ya lugha nyingine. Wazazi wanaolipa karo kubwa ili mtoto aanze mapema wangefaa kulijua hili.

Hata hivyo, wanaopinga kuanza na sauti mojamoja hawasemi ovyo. Mwaka 1979 watafiti nchini Ureno waliwapa watu wazima wasiojua kusoma kazi ya kuondoa au kuongeza sauti moja mwanzoni mwa neno. Wengi walishindwa, ilhali wenzao wa mazingira yaleyale waliojifunza kusoma ukubwani waliiweza vizuri zaidi. Kumbe uwezo wa kulichambua neno hadi sauti yake ndogo kabisa huja pamoja na kusoma; haumsubiri mtu mlangoni. Kwa nini basi tumlazimishe mtoto wa miaka sita aanze na kile kilicho kigumu?

Darasani ugumu huo unaonekana waziwazi. Konsonanti kama "b" haitamkiki vyema peke yake, kwa hiyo mwalimu huisindikiza na irabu bila kujijua. Anasema "bu", halafu "a", kisha anauliza: tukiunganisha tunapata nini? Watoto wanajibu kwa sauti moja, "bua!" Wamesikia sawasawa, aliyekosea ni mwalimu. Silabi haina taabu hiyo. "Ba, be, bi, bo, bu" ndivyo wazee wetu walivyofundishwa, na madrasa mpaka leo huwaongoza watoto kwa "ba, bi, bu" za Kiarabu. Katika lugha za Kibantu silabi ndiyo sikio linaloishika kwa urahisi.

Mimi naegemea kuanza na silabi, kwa sharti kwamba zivunjwe mapema. Mtoto aoneshwe kilichobadilika kati ya "ba" na "bi", na kati ya "ba" na "da". Asipooneshwa, silabi zinageuka wimbo: ataziimba zote kwa mpangilio, lakini umwoneshe "bo" peke yake, atarudi kuanzia "ba" ili aifikie.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba pande zote mbili huzungumza kana kwamba watoto wote wana sikio moja. Katika Kiganda "l" na "r" ni sauti moja inayobadilika kwa jirani yake: "r" hutokea baada ya "e" na "i", kwingineko ni "l". Ndiyo maana mtoto huandika "balua" kwenye imla na kuapa kwamba ndivyo alivyosikia. Kwa asili Kiacholi, lugha ya huko Gulu kaskazini, hakina "f", "s", "sh" wala "h". Mtoto hushika sauti iliyo karibu, "fimbo" ikawa "pimbo" na "shule" ikawa "chule". Kwa upande mwingine, "ng'" inayowatesa wageni wengi haimsumbui Mganda, ambaye tangu utotoni humwita yule ndege wa taifa ŋŋaali (herufi "ŋ" ndiyo "ng'" yenyewe). Kitabu kimoja chenye mpangilio mmoja wa sauti kwa nchi nzima kitamchosha mtoto huyu na kumwacha nyuma yule.

Je, tuwasahihishe wanapozungumza? Wako wanaotaka lafudhi sanifu tangu siku ya kwanza. Wengine wanasema Uganda ina Kiswahili chake, kiachwe. Naona "zahabu" badala ya "dhahabu" haimpotezi msikilizaji, lakini anayechanganya "mahali" na "mahari" anaweza kupoteza maana nzima. La kwanza lisubiri imla, la pili lishughulikiwe mapema, tena bila kumcheka mtoto. Nchi hii ina wazee wengi waliokisikia Kiswahili kwanza kwa askari, kama amri. Tusikirudishe kwa watoto kama aibu.

Na kuna hoja moja ya wapinzani ambayo watetezi wa sauti hawajaijibu vya kutosha. Kwa kuwa tahajia yetu ni nyoofu, mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima bila kosa, "Juma alikwenda sokoni kununua samaki," na ukimuuliza Juma alinunua nini akakutazama tu. Mtoto wa Tanga amelisikia neno "samaki" nyumbani kabla ya kuliona kitabuni. Wa Lira, kaskazini mwa Uganda, huenda hajalisikia popote. Sauti zitamfikisha kwenye neno, lakini kama neno halina mwenyeji kichwani mwake, safari inaishia hapo.

Kwa hiyo muhula wa kwanza wa Kiswahili katika shule zetu za msingi uwe wa mdomo na sikio: nyimbo, vitendawili, kununua na kuuza vya kuigiza, salamu. Herufi zije muhula wa pili, kwa silabi, zikianza na sauti ambazo lugha ya eneo hilo inazo na kumalizia na zile ngeni. Vyuo vya ualimu vimfundishe mwalimu wa Gulu mambo ambayo wa Mbarara, kule magharibi, hayahitaji, na kinyume chake. Kazi hiyo ifanyike kabla vitabu havijachapishwa.